Vijidudu Havifanani: Somo kwa Wakulima wa Skimu

Mezani pangu ofisini kuna daftari kubwa la jalada jekundu. Ndani yake huandikwa kila kitu ambacho mkulima huleta ili kipelekwe maabara: maziwa, damu iliyopakwa kwenye kioo, viazi, majani yaliyokauka. Kazi yangu ni kuandika, wala si kutibu. Mimi ni karani, na kabla ya kuwa karani nilisomea ualimu. Lakini mtu akiliandika daftari hilo mwaka baada ya mwaka huanza kuona jambo. Majibu yanayorudi kutoka maabara mara nyingi hayalingani na vile mkulima alivyodhani, na mara nyingi huja wakati dawa imekwisha kununuliwa na fedha imekwisha kwenda.

Msimu mmoja wa mvua ndefu wakulima wawili walileta viazi siku moja. Kila mmoja alisema maneno yale yale: "Viazi vyangu vinakauka, nami nimekwisha kunyunyizia dawa ya blaiti." Wa kwanza alikuwa na blaiti kweli, na dawa yake ilikuwa dawa halali, ila alichelewa kidogo. Wa pili hakuwa na blaiti hata chembe. Viazi vyake vilikuwa na mnyauko wa bakteria, na fedha yote aliyoimimina katika bomba la kunyunyizia ilikuwa sawa na kuitupa mtoni. Hiyo ilikuwa fedha ya mbegu za msimu uliofuata.

Basi tujifunze mwezi huu vijidudu ni nini, vina aina gani, na jinsi wataalamu wanavyovitambua. Mkulima hatafanya kazi ya maabara nyumbani kwake, lakini akijua maabara inatafuta nini, atajua la kupeleka na la kutonunua.

AINA ZA VIJIDUDU

Watu wengi husema "vijidudu" kana kwamba vyote ni ukoo mmoja. Sivyo. Tofauti iliyoko kati ya kijidudu cha kiwele na kijidudu cha ugonjwa wa miguu na midomo ni kubwa kuliko tofauti ya kuku na mti wa mkaratusi.

Bakteria ni chembe moja yenye uhai wake kamili. Hula, hukua, kisha hugawanyika ikawa mbili. Bakteria za kiwele ukizipanga mstari mmoja, zitatakiwa kama 1,000 kujaza milimita 1. Lakini udogo wake usikudanganye, kwa maana huzaana upesi mno. Bakteria iitwayo koli, ambayo hukaa katika mavi ya ng'ombe, ikipata joto na chakula cha kutosha huweza kugawanyika kila dakika 20. Fanya hesabu mwenyewe: moja huwa mbili, mbili huwa nne, na baada ya saa 5 ile moja imekuwa zaidi ya 32,000. Ndiyo sababu maziwa ya asubuhi yaliyokamuliwa kwa mikono michafu na kuachwa juani hukataliwa kituoni.

Ukungu, ambao wengine huuita kuvu, ni jamii nyingine. Wenyewe hukua kama nyuzi, na hutoa mbegu ndogo kama vumbi zinazopeperushwa na upepo. Kutu ya ngano ni ukungu.

Protozoa nazo ni chembe moja kama bakteria, lakini chembe yake imejengwa kwa namna iliyo karibu zaidi na chembe za mwili wetu na wa ng'ombe, na dawa zinazoua bakteria mara nyingi hazizidhuru. Malaria huletwa na protozoa. Hata ile homa ya kupe tunayoiita ndigana kali au Isti Kosti huletwa na protozoa.

Mwisho ni virusi. Hivi ni vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Virusi havili wala havikui peke yake. Sharti viingie ndani ya chembe ya mnyama au mmea na kuifanya iwe mtumishi wao. Ugonjwa wa miguu na midomo ni wa virusi. Penisilini haiviui, wala haitaviua hata ukimchoma ng'ombe sindano kutwa kucha. Mnyama hukingwa kwa chanjo kabla ugonjwa haujafika.

VIAZI VIWILI VILIVYOKAUKA

Turudi sasa kwa wale wakulima wawili. Mtu angewezaje kuona tofauti akiwa shambani bila hadubini?

Blaiti huanza kwa mabaka kwenye majani, yenye rangi nyeusi-nyeusi kana kwamba yamelowa maji. Asubuhi ya umande geuza jani, tazama chini yake kandokando ya baka: utaona unyoya mweupe. Shamba lililoshikwa sana huwa na harufu ya kuoza ambayo mtu akiisha kuijua haisahau. Mnyauko wa bakteria ni kinyume. Mmea hulegea na kuinama ukiwa bado ni kijani, hasa wakati wa jua kali, kana kwamba umekosa maji, hali udongo una maji ya kutosha. Ukichimba na kukata kiazi, utaona mviringo wa rangi ya hudhurungi ndani yake, na ukikibinya hutoka ute mweupe kama usaha. Mara nyingi udongo hugandamana na macho ya kiazi kwa sababu ya ute ule.

Kuna jaribio jepesi sana ambalo kila mkulima aweza kulifanya. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, karibu na udongo, urefu wa vidole vitatu hivi. Tia maji safi katika gilasi, kisha kining'inize kile kipande kwa uzi ili ncha yake tu iguse maji. Usitikise. Ngoja dakika chache. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye shina. Nyuzi zile ni bakteria zenyewe, mamilioni kwa mamilioni. Nilipowaonyesha jaribio hili wakulima waliokuja ofisini, mzee mmoja aliomba gilasi iletwe karibu na dirisha, akaitazama mpaka nyuzi zikafika chini, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nikizimwagilia maji."

Kijidudu hicho kimebadilishwa jina mara kadhaa. Mwaka 1896 Erwin Smith wa Marekani alikieleza na kukitia katika ukoo wa basilasi. Baadaye kilihamishiwa ukoo wa sudomonasi. Na tangu miaka ya 1990 kimewekwa katika ukoo uitwao ralstonia. Hata blaiti imehamishwa. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ukungu, kwa kuwa ina nyuzi na mbegu za upepo. Siku hizi wataalamu wameitoa huko, maana wameona kwamba ukuta wa chembe zake umejengwa kwa kitu kingine, na kwamba udugu wake ni na mwani wa baharini. Mtu ataniuliza, "Karani, hayo yanamhusu nini mtu wa jembe?" Yanamhusu mfukoni. Zipo dawa zinazozuia vizuri sana kutu ya ngano lakini haziigusi blaiti ya viazi, kwa sababu viumbe hivyo viwili si ndugu. Kwa hiyo soma karatasi ya dawa. Ikiwa haikutaja blaiti ya viazi, iache dukani.

Mnyauko wenyewe hauna dawa ya kunyunyiza hata moja. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake na udongo ulioshikamana nao, uutoe shambani. Usiutupe katika samadi wala mtoni. Safisha jembe kabla ya kuingia sehemu nyingine. Pumzisha shamba hilo lisiote viazi, nyanya, biringanya wala pilipili kwa misimu kadhaa, bali panda mahindi, ngano au nyasi za ng'ombe. Na mbegu inunuliwe kwa mtu ambaye shamba lake limekaguliwa.

JINSI MAABARA INAVYOTAMBUA BAKTERIA

Sasa tutazame ugonjwa wa kiwele, kwa maana ndio unaojaza kurasa nyingi za daftari langu, na ndio unaoonyesha vizuri kazi ya maabara.

Mkulima huona mabonge katika maziwa, au robo moja ya kiwele imevimba na ina joto. Pengine haoni kitu, ila maziwa yamepungua. Hapo kuna kipimo ambacho kilitengenezwa California mwaka 1957: maziwa kidogo ya kila chuchu hutiwa katika kisahani chake, yakachanganywa na dawa ya maji. Yakiwa mazito kama uji, kiwele kina ugonjwa. Ni kipimo kizuri na cha bei nafuu. Lakini hukuambia tu kwamba moshi upo. Hakikuambii ni kuni gani inayowaka. Kwa hilo sharti maziwa yaende maabara.

Kule maabara tone la maziwa hupakwa juu ya chakula cha bakteria kilichogandishwa ndani ya sahani ndogo yenye kifuniko. Asili ya jambo hili itawafurahisha wakulima wa viazi. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitaka njia ya kutenganisha vijidudu, akatumia vipande vya kiazi kilichochemshwa. Aliona kwamba kiazi kikiachwa, madoadoa ya rangi mbalimbali huota juu yake, na kila doa ni wazao wa kijidudu kimoja. Lakini si kila kijidudu hupenda kiazi. Walijaribu jelatini, nayo ikayeyuka kwa joto. Ndipo mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mtaalamu mmoja aliyefanya kazi na Koch, akawashauri watumie agari, kitu kitokacho katika mwani, ambacho yeye alikitumia jikoni kugandisha vyakula vyake. Mpaka leo maabara zote za dunia zatumia kitu hicho cha jikoni.

Sahani huwekwa katika kabati lenye joto la digrii 37, karibu na joto la mwili, mpaka kesho yake. Kisha mtaalamu hutazama: madoa ni makubwa au madogo, yana rangi gani, yameyeyusha damu iliyochanganywa katika chakula au sivyo. Huchukua doa moja, hulipaka kwenye kioo, na kulitia rangi.

Rangi hii ina historia yake. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aligundua kwamba bakteria zikitiwa rangi ya zambarau, kisha madini ya joto yaitwayo iodini, kisha zikaoshwa kwa spiriti, nyingine hubaki na zambarau yake na nyingine huiachilia. Zile zilizoiachilia hutiwa rangi nyekundu ili zionekane. Sababu ni ukuta wa chembe: wenye ukuta mnene hushika zambarau. Kwa rangi hizi mbili tu bakteria nyingi hugawanyika katika makundi mawili makubwa, na dawa nyingi hufuata mgawanyiko huo huo. Penisilini ya kawaida, kwa mfano, ina nguvu zaidi juu ya zile za zambarau.

Kisha umbo. Za mviringo huitwa koki, na zenye umbo la kijiti huitwa basilasi. Koki zilizokusanyika kama kichala cha zabibu ni stafilokoki. Zilizojipanga kama shanga ni streptokoki. Lakini vichala vikivunjika na shanga zikikatika, macho huweza kukosea. Hapo mtaalamu hutia tone la hidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda. Stafilokoki hutoa mapovu papo hapo. Streptokoki hubaki kimya. Na akitaka kujua kama stafilokoki ile ni ile kali, huitia katika maji ya damu ya sungura aone kama yataganda.

Nawaomba msidhani hayo ni mchezo wa wasomi. Ikiwa jibu ni streptokoki ya kiwele, ile iitwayo agalaktie, habari ni njema: penisilini huiua vizuri, na kundi laweza kusafishwa kabisa. Ikiwa ni stafilokoki kali, kazi ni ngumu, kwa kuwa hujificha ndani ya kiwele na nyingi zimejifunza kuishinda penisilini. Ng'ombe huyo akamuliwe mwisho, na akirudi kuugua mara kwa mara, heri auzwe machinjioni. Aina hizo mbili huenea kwa mikono na kitambaa wakati wa kukamua. Bali ikiwa ni koli, ambayo huonekana nyekundu, na umbo lake ni kijiti, usimlaumu mkamuaji, tazama zizi. Ng'ombe analala katika mavi. Hapo koleo na matandiko makavu yatasaidia kuliko sindano.

NDIGANA MBILI, NA KOSA LANGU MWENYEWE

Niliwahi kununua mtamba kwa mkopo. Alikuwa mzuri, wa maziwa, na nilikwisha kupiga hesabu ya maziwa yake kabla hajazaa, kama wengi wetu tufanyavyo. Siku moja alikataa nyasi, mwili ukawa moto, na tezi iliyo chini ya sikio ikavimba. Nilikuwa na penisilini iliyobaki kwa jirani. Nikasema homa ni homa, nikamchoma. Siku ya pili nikamchoma tena, na ya tatu. Siku ya tano alikuwa akipumua kwa shida na povu likimtoka puani, na usiku ule akafa. Daktari wa mifugo alipofika alichukua majimaji ya tezi, akayapaka kwenye kioo. Jibu lilikuwa theileria, protozoa ya ndigana kali. Penisilini yangu ilikuwa kama maji matupu. Ipo dawa yake, buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri ikiwahi. Mimi nilizimaliza siku za kuwahi kwa dawa isiyohusika. Niliendelea kulipa mkopo wa ng'ombe aliyekwisha kuzikwa.

Sasa sikilizeni ajabu. Ndigana baridi nayo huletwa na kupe, nayo ina homa, lakini kijidudu chake ni bakteria. Arnold Theiler alipokieleza huko Afrika Kusini mwaka 1910 alidhani ni cha jamii ya protozoa, na watu waliamini hivyo kwa miaka mingi. Katika damu huonekana kama nukta ukingoni mwa chembe nyekundu. Kwa kuwa ni bakteria, tetrasaiklini humponya ng'ombe wa ndigana baridi, hali haimponyi aliyekwisha kuugua ndigana kali. Kupe wote, homa zote, bali tiba mbili mbali. Kioo kimoja cha damu na kimoja cha tezi ndivyo vinavyoamua.

Kwa ndigana kali iko pia chanjo iliyotengenezwa Muguga katika miaka ya 1970. Ng'ombe hupewa theileria hai pamoja na tetrasaiklini ya kukaa mwilini siku nyingi, ili ugonjwa uanze kidogo kisha ushindwe. Hapo dawa hukuta kijidudu mlangoni, bado hakijaota mizizi. Mwulizeni daktari wenu habari zake.

USIPASUE MZOGA

Ng'ombe akifa ghafula, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au mkunduni, na mzoga ukafura upesi, usichukue kisu. Yaweza kuwa kimeta. Bakteria hii ya vijiti vikubwa vilivyoungana kama mnyororo ndiyo ambayo Koch aliifuatilia mwaka 1876 na kuthibitisha kwamba ndiyo iletayo ugonjwa. Ndani ya mzoga uliofungwa hufa kwa kuoza. Ukiupasua, hupata hewa na kujifanyia ganda gumu, na katika ganda hilo hukaa udongoni miaka mingi sana ikingoja ng'ombe mwingine, au mtoto wako. Nyama yake imeua watu. Weka mlinzi awafukuze mbwa, kisha umwite daktari wa mifugo. Yeye ndiye atakayechukua damu kidogo ya sikio na kuamuru mzoga uchomwe au uzikwe kwa chokaa.

KULETA SAMPULI

Maziwa yaletwe kabla ng'ombe hajatiwa dawa yoyote. Chemsha chupa ndogo na kifuniko chake dakika 20. Nawa mikono, safisha chuchu na uikaushe, kisha futa ncha yake kwa pamba yenye spiriti. Michirizi ya kwanza itupe. Inamisha chupa usiisimamishe wima, ili uchafu wa kiwele usidondoke ndani, wala kidole kisiguse mdomo wake. Iweke mahali pa baridi na uilete siku ile ile. Maziwa yaliyofika kwa basi la jioni baada ya kushinda juani yatatoa majibu ya juani.

Mmea ulete mzima, mizizi na viazi vyake, umefungwa kwa gazeti. Katika mfuko wa plastiki uliofungwa huoza njiani, na bakteria za kuoza hufunika zile tunazozitafuta.

Juu ya kila chupa andika jina lako, jina la ng'ombe, chuchu ipi, tarehe, na dawa aliyopata mwezi huo. Niliwahi kupokea chupa nzuri, safi, iliyofungwa vizuri, na juu yake imeandikwa "Ng'ombe wa Mama". Maabara ilipata stafilokoki kali. Jibu hilo bado limo katika daftari langu, na mpaka leo sijajua ni mama yupi.